Binti yangu nilimwita Makala kwa mapenzi. Akina baba wenzangu, naomba mnisome

Fundi wa Kadutu (Bukavu), mwanzisha uzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jambo yenu nyote.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni zaidi ya mwaka. Mke wangu ndiye aliyesema nilitoe, huenda kuna baba likamfikia mapema kuliko lilivyonifikia mimi. Binti mwenyewe ameniruhusu kuandika, mradi jina lake lisitajwe. Ni ndefu, mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na tisa huu kwenye kazi. Mungu ametupa mabinti watatu na mvulana wa mwisho. Mkubwa ana miaka 16, anayemfuata 13, wa tatu 9.

Mkubwa alizaliwa mweusi, weusi ule wa kung'aa, kama mama yangu mzazi. Siku ya kwanza nilipompakata nilicheka kwa furaha nikasema, "Huyu ni Makala yangu." Ndugu wa Tanzania na Kenya, huku kwetu Kongo makala ni mkaa wa kupikia, si maandishi ya gazetini. Jina likakaa. Jioni nikifika mlangoni nauliza kwa sauti, "Makala yangu iko wapi?" naye anatoka mbio. Wa pili alipozaliwa alivuta rangi upande wa mama yake, nikamwita Muzungu. Basi nyumbani kukawa na Makala na Muzungu. Wageni wakija tunawatambulisha hivyo hivyo, watu wanacheka, chai inanywewa. Nilikuwa nawapenda sawa, Mungu ni shahidi yangu. Sikujua kwamba kila wageni walipocheka, mmoja wao alikuwa akisikia kitu kingine.

Alipofika miaka 14 hivi akaanza kuomba mikono mirefu. Blauzi ya shule, mikono mirefu. Kikwembe (kitenge) cha Pasaka, mikono mirefu mpaka kwenye viganja. Nilifurahi! Nikamwambia mama yake kwamba mtoto ameanza kupenda heshima, na kanisani nikamsifu mbele ya wazee. Kutwa nzima napima miili ya wanawake. Mteja akiomba nguo iachwe huru kiunoni, najua kinachomsumbua kabla hajamaliza kusema. Wa kwangu sikumwelewa.

Kisha ikaja ile wiki ya katikati ya Februari 2025, mji wetu ulipobadilisha mikono kwa vita. Soko limefungwa, maduka yamefungwa, sisi sita tumejifungia ndani ya vyumba viwili na gunia la maharage. Siku ya tano au ya sita mkubwa akaanza kuugua uso. Ngozi ikawaka, vipele vidogo vikajaa mashavuni na shingoni. Usiku alilia akisema ni kama amepakwa pilipili. Tulidhani ni surua. Mama yake akamvua blauzi ili ampake maji baridi, na taa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya simu tu. Akanyamaza. Akanisogezea ile simu nimulike vizuri. Mikono ya mtoto ilikuwa na mabaka, hapa manjano, hapa nyekundu, na viwiko na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi tii.

Nyuma ya gunia la maharage tulikuta makopo matatu madogo ya mafuta ya kung'arisha ngozi. Yalikuwa yamekwanguliwa kwa kijiko mpaka chini. Soko lilipofungwa mafuta yalimwishia, ndipo ngozi ikalipuka. Alikuwa akiyanunua kwa pesa ya gari ya kwendea shule. Karibu mwaka mzima mtoto wangu alipanda na kushuka vilima vya Kadutu kwa miguu, mvua na jua, nami nampa nauli kila Jumatatu na kujiona baba anayejali.

Nilikasirika. Nikauliza kwa ukali, "Nani alikufundisha haya? Nani alikuambia uko mubaya?"

Hakuinamisha kichwa. Alisema polepole, kwa Kiswahili chetu hiki cha nyumbani: "Papa, si ni weye uliniita Makala? Makala banaichomaka."

Yaani mkaa ni kitu cha kuchomwa.

Wapendwa, kila usiku katika nyumba ile tulikuwa na sala. Zaburi ya 139 watoto wangu wanaijua kwa kichwa, "nimeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha." Nilimwekea mkono kichwani nikaisema juu yake, akajibu Amina. Lakini kabla ya sala nilikuwa nimeshamwita Makala mara tatu mezani. Zaburi alijua ni ya Daudi. Utani alijua ni wangu mwenyewe, na mtoto huamini kile ambacho baba yake hasomi kwenye kitabu.

Nilimwomba msamaha usiku ule ule, sisi wawili. Akasema, "Haina shida, Papa." Miezi miwili akabaki amejifunga vile vile. Mke wangu ndiye aliyefungua jicho langu. Aliniambia, jina ulilitoa mbele za watu, kwa nini unaliondoa gizani? Basi Jumapili moja baada ya ibada nikaalika wote waliozoea kucheka pale kwangu: ndugu yangu, majirani wawili na wake zao, kiongozi wa kwaya. Tukala sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na bugali. Nikasimama, nikamtaja binti yangu kwa jina lake kamili la ubatizo na la ukoo, nikasema nilimkosea kwa miaka 15 na kuanzia leo asiitwe tena vile na mtu yeyote aliyekula nyumbani kwangu. Miguu ilinitetemeka. Ndugu yangu akaanza kucheka akidhani ni utani mwingine, kisha akaona uso wangu akaacha.

Nawauliza wenzangu: ninyi mnawaitaje mabinti zenu mezani?

---

Mama wa Himbi (Goma)

Papa Fundi, nimesoma nimesimama kwenye foleni ya maji, machozi yananitoka mbele za watu.

Mimi nina miaka 41. Nilipokuwa na kama miaka 10 baba alimwambia rafiki yake, mimi nikiwa namimina chai, "Huyu pua ni ya upande wa mama yake, sisi hatuna pua kama hiyo." Mara moja tu. Hakurudia, na alikuwa baba mwema, alitusomesha sote. Mpaka leo nikicheka nafunika pua kwa mkono. Mume wangu alidhani ni adabu. Baba amelala tangu 2009, siwezi tena kumuuliza kama alikumbuka alichosema.

---

Mzee wa Kabare

Wanangu, nimesoma kwa makini. Pole kwa mtoto, hayo mafuta ni sumu. Lakini niseme la moyoni. Baba zetu hawakuwahi kutuambia sisi wala dada zetu kwamba ni wazuri. Dada zangu watano walilima, waliolewa, walizaa, hakuna aliyejichubua. Siku hizi kila kitu ni "mtoto ameumia moyo." Biblia imesema wazi, Mithali 31:30, uzuri ni ubatili. Ukimsifu binti uzuri kutwa unamlea kiburi. Unataka ajitazame kwenye kioo badala ya kumtazama Mungu? Utani wa baba ni utani wa baba.

---

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Mzee wangu, heshima yako. Sipingani nawe juu ya Mithali. Ila nilisoma andiko hilo hilo mara nyingi baada ya ule usiku, nikaona kwamba linamzungumzia mwanamke ambaye mume na watoto wake wamesimama wakamsifu. Yule mwanamke hakunyimwa sifa nyumbani kwake, ila sifa iliwekwa mahali penye uzito.

Na tuangalie Ayubu sura ya 42. Baada ya mateso yote Mungu akampa wana saba na binti watatu. Wale saba hawatajwi majina. Binti wanatajwa wote watatu: Yemima, Kesia, Keren-hapuki. Kisha imeandikwa bila aibu kwamba katika nchi ile yote hapakuonekana wanawake wazuri kama hao, na baba yao akawapa urithi pamoja na ndugu zao. Jina, uzuri na urithi, yote katika mistari miwili. Nimeshonea maharusi wengi hapa mjini, Mzee, na baba anayempa binti fungu la shamba sawa na kaka zake sijakutana naye mara nyingi. Hata mimi nilikuwa sijafikiria hilo mpaka niliposoma pale.

Kuhusu weusi, Wimbo Ulio Bora 1:5: "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Mstari unaofuata yule binti anaomba wasimtazame hivyo, kisha anaeleza kwamba wana wa mama yake walimkasirikia wakamweka kulinda mizabibu juani. Maneno yalianzia nyumbani kwao, kwa ndugu zake mwenyewe.

Dada zako watano waliishi wakati ambapo hakukuwa na kopo la mafuta hayo kila kona ya soko. Pengine nao walikuwa na maneno moyoni. Sijui, nakuuliza tu kwa heshima: uliwahi kuwauliza?

---

Muuguzi wa Kivu

Papa Fundi, asante kwa ujasiri. Acha niongeze la kazi yangu kwa sababu wazazi wengi wanasoma hapa.

Mafuta ya kung'arisha mara nyingi huwa na kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu: haidrokwinoni, zebaki, na dawa za jamii ya steroidi kama klobetasoli. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya kufungia mkate. Mtu aliyezitumia muda mrefu akiacha ghafla, ngozi hulipuka, huwaka, hutoa vipele, na mtoto hudhani anaumwa kwa sababu ameacha, basi anarudia. Ndicho kilichompata binti yako soko lilipofungwa. Kwa hiyo mkigundua, msimfokee na kumwaga kila kitu siku hiyo hiyo mkadhani mmemaliza. Mpelekeni kituo cha afya, aelezwe jinsi ya kuacha chini ya uangalizi. Zebaki huharibu figo, na mama mjamzito huipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumika miaka mingi yaweza kugeuza ngozi kuwa na madoa ya bluu nyeusi, na hayo kuyaondoa ni kazi ngumu sana. Vidonda navyo hupona kwa shida, hata vya upasuaji.

Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua la huku linaunguza hata wakati wa baridi, na ule weusi ndio kinga ya ngozi. Tunamvua mtoto kinga yake kisha tunamtuma sokoni saa sita mchana.

Mabaki ya makopo msiyatupe ziwani wala chooni. Yaleteni kituoni.

---

Binti wa Mchungaji

Salamu kwenu wakubwa zangu. Mimi nina miaka 22, nasoma chuo hapa Bukavu, naomba kusema upande wa mtoto.

Papa wangu ni mchungaji wa kanisa dogo huko Bagira. Sikumbuki kama aliwahi kuniambia mimi ni mzuri wa sura. Lakini kuanzia nilipokuwa na miaka 12, kila Jumamosi usiku alikuwa ananiita mezani, ananisomea mahubiri ya kesho yake, kisha anauliza, "Hapa panaeleweka?" Siku moja nikamwambia hapana, huu mfano wa mfalme ni mrefu na watu watalala. Akachukua kalamu akaufuta mbele yangu. Kesho yake nikiwa kwenye benchi nikasikia mahubiri bila ule mfano.

Siwezi kueleza nilivyojisikia siku ile. Shuleni wavulana walinicheka kwamba nina mabega ya kiume, na iliniuma kweli, sitadanganya. Lakini nilikuwa na kitu kingine cha kukumbuka. Mtu ninayemheshimu kuliko wote alifuta maneno yake kwa sababu yangu.

---

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Baba Fundi, nakuheshimu, lakini unajibebesha mzigo wote peke yako. Hapa kwetu L'shi mtoto akitoka nje tu, mabango yote yana wanawake weupe. Na kanisani je? Tazameni kwaya ikienda kurekodi video. Wasichana weupe mstari wa mbele, weusi nyuma ya wanaume, hata kama yule wa nyuma ndiye mwenye sauti. Nilikuwa mpiga kinanda miaka sita, nimeyaona. Anayepanga mistari ni mzee wa kanisa, si shetani.

Tena mahari. Nilikaa kwenye kikao cha mpwa wangu, upande wa pili wakasema wazi kwamba msichana "ana rangi", yaani ni mweupe, kwa hiyo kiasi cha mahari kipande. Msichana alikuwa chumba cha pili akipakua bukari, mlango ni pazia. Baba yake alitabasamu. Aliona amesifiwa.

---

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

MwanaKatuba, ndugu yangu, umesema kweli tupu na sina la kupunguza. Mabango siwezi kuyang'oa. Lakini kwenye ile kwaya mimi ni mzee wa kanisa, na baada ya kukusoma nimekumbuka video tuliyorekodi Krismasi ile ya 2024. Binti yangu alikuwa nyuma. Mimi ndiye niliyeshona sare, nilikuwepo pale nikirekebisha kola, na sikuona kitu. Nitamwona kiongozi wa kwaya wiki hii. Wapangwe kwa sauti au kwa urefu.

Lakini bado mzigo wa nyumbani ni wangu. Bango halikumpakata siku aliyozaliwa.

---

Mama wa Majengo (Goma)

Na sisi ambao baba hayupo? Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Nina mabinti wawili, 11 na 7. Nikisoma hapa naona kila mtu anasema baba, baba, nami naishiwa nguvu. Wa 11 ameanza kuniuliza kama baba yake angemwona mrembo. Nimjibu nini?

---

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Mama yangu, pole sana. Swali lako nililala nalo usiku mzima.

Mimi nadhani umjibu kwa mambo aliyoyafanya baba yake, si kwa yale ambayo angeyafanya. Alimwita nani? Alimbeba vipi? Siku alipozaliwa alisema nini? Hata kama ni kitu kidogo, kwamba alikataa kumkabidhi kwa jirani hata alipotaka kula. Mpe hayo kidogo kidogo, usiyamalize siku moja. Na andika, kwa sababu wa miaka 7 hatakumbuka kitu.

Kuhusu wanaume wengine wa kusimama naye: babu yake kama yupo, mjomba aliye mwaminifu. Lakini nikuombe kwa uchungu, usimkabidhi mtoto kwa mwanaume yeyote kwa sababu tu ni mtumishi wa Mungu au anasema "mwanangu" kwa sauti nzuri. Awe mtu ambaye mke wake yupo, mlango uko wazi, na mtoto mwenyewe anafurahi kwenda kwake. Siku mtoto akikataa kwenda, usimlazimishe kusalimu, muulize taratibu.

Zaburi 68:5 inamwita Mungu Baba wa yatima. Yairo alipokwenda kumwita Yesu kwa ajili ya binti yake wa miaka 12, Bwana alimshika yule mtoto mkono, akamwinua, kisha akaagiza apewe chakula. Chakula! Hakuna mtu mwingine mle ndani aliyekumbuka kwamba mtoto ana njaa. Msomee huyo wa miaka 11 kisa hicho, karibu ni umri wake.

---

Mama wa Majengo (Goma)

Siku aliyozaliwa baba yake alitembea kutoka kazini mpaka hospitali na viatu mkononi kwa sababu ya mvua, akaingia wodini na miguu ya matope, wauguzi wakamfukuza. Nilikuwa nimesahau. Aksanti, Papa. Leo usiku nitamwambia.

---

Baba Mpya Kigoma

Kaka Fundi, salamu kutoka ng'ambo ya Tanganyika. Mimi wa kwangu ana miaka minne. Nataka nianze vizuri. Unafanya nini sasa hivi, kivitendo?

---

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Mdogo wangu, hongera kwa kuanza mapema.

Nitaje machache tu. Nikimpima mteja yeyote, sisemi tena namba kwa sauti. Zamani nilikuwa naita namba na binti zangu wanaandika daftarini, na wanawake wakitoka tunazungumza, huyu amenenepa, huyu nyonga zimeanguka. Mabinti walikuwa wamekaa pale pale wakijifunza jinsi mwanaume anavyohesabu mwili wa mwanamke. Sasa naandika mwenyewe, na mteja akitoka maneno yake yanatoka naye. Tena mama yao: sitanii tumbo lake. Anawabebea wao sura ya kesho yao, wakisikia ninavyomsema wanajua watakavyosemwa.

Lakini la wa pili ndilo nililotaka kulileta hapa, kwa sababu sikulitegemea. Yule niliyemwita Muzungu. Baada ya ile Jumapili nilidhani yeye hana jeraha, maana jina lake lilikuwa la sifa. Likizo ya mwaka jana nikamwambia twende pamoja kumtembelea bibi yake shambani, siku mbili. Akakataa. Akasema ana mitihani, hakuna mitihani. Nikamvuta pembeni. Akachukua muda mrefu kusema. Aliniambia, "Kule kuna jua mingi. Nikiwa mweusi utaniitaka nani?" Yaani, nitamwita jina gani.

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Yaani mmoja alijichoma ili apate nafasi, na mwingine alikuwa na ile nafasi na anaogopa jua lisimwondoe. Niliyemsifu naye nilimfunga. Kwa hiyo, mdogo wangu, usikimbilie tu kubadilisha jina baya kuwa jina zuri. Kama una wawili, angalia sana usimpe mmoja rangi, mwingine akili na mwingine tabia, kama unagawa nguo. Kila mmoja atadhani zile nyingine si zake.

Tulikwenda kwa bibi, mwishowe. Mama yangu alimtazama muda akasema, "Huyu anatembea kama mimi." Mtoto alitembea mbele yetu njia yote akijaribu kuona anavyotembea.

---

Mzee wa Kabare

Nimerudi. Fundi, uliniuliza kama niliwahi kuwauliza dada zangu. Wamebaki wawili. Nimempigia mdogo wao, ana miaka 67. Alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Baba alikuwa ananituma mimi tu kuchota maji jioni, kwa sababu alisema hakuna atakayeniiba." Sikumbuki baba akisema hivyo. Yeye anakumbuka mpaka mti tuliokuwa tumekaa chini yake.

Mithali bado naishika. Lakini nikumbushe jambo letu sisi Bashi, vijana wa mjini mnaliacha. Mwanamke kwetu huitwa M', kisha jina la baba yake, yaani binti wa fulani. Anaolewa, anazeeka, anaitwa bibi, lakini jina la baba bado limo ndani ya jina lake. Hiyo ilikuwa na maana. Mwanamume alijua kwamba jina lake linatembea barabarani kwenye mwili wa binti yake. Msiwaite watoto majina ya vyombo vya jikoni wakati mna jina kama hilo la kuwapa.

---

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Mzee wangu, aksanti. Mpigie tena simu, tafadhali.

Wapendwa, nieleze hali ya binti yangu kwa sababu wengi mmeniuliza. Ngozi yake imerudi sehemu kubwa, mabaka machache yamebaki karibu na viwiko. Bado anataka mikono mirefu. Namshonea mikono mirefu na sisemi kitu. Kwenye kwaya wamepangwa kwa urefu, na kwa kuwa yeye ni mrefu amebaki nyuma, ila safari hii anajua sababu.

Jumamosi jioni nilimpa simu asome uzi huu wote, maoni yenu yote. Alisoma amekaa kwenye kiti cha wateja, pole pole, kwa muda mrefu. Kwa Mama wa Himbi alirudia kusoma. Alipomaliza akasema, "Papa, umeandika makopo matatu."

Nikamwambia ndiyo, yalikuwa matatu, mimi mwenyewe niliyaona.

"Yalikuwa mane."

Akaingia chumbani. Akatoka na mfuko wake wa shule wa zamani, ule ambao kamba yake imekatika, akatoa kopo limefungwa bado, karatasi yake juu haijachanwa. Alilinunua kabla ya ile wiki ya Februari na alikuwa amelitunza muda wote huu. Aliliweka mezani kwangu, kati ya mkasi na chaki, akaenda kuwasha moto wa chakula.

Jumatatu tunalipeleka kituoni, mimi na yeye.